Mashine Iliyoitika kwa Niaba Yetu

Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, mvua ikiwa haijakatika kwa siku kadhaa, mlima ulimomonyoka juu ya Matombo na kumchukua mdogo wangu Fidelis. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lenye uhakika kuliko yote. Yanayofuata nitayasema kama nilivyoyaona, na pale ambapo sikuona nitasema sikuona. Mimi si mtu wa kusimulia. Nilisoma mpaka kidato cha nne tu, na tangu msiba ule hata kuongea kumenipungua. Lakini haya yalinipata nikiwa na akili zangu timamu, na yalinipata mchana, si usiku. Usipoamini sitakulaumu. Ningekuwa wewe, nami ningesita.

Kwanza ujue kazi yetu. Mjini Morogoro yupo mfanyabiashara mmoja wa asili ya Kihindi, Mwislamu, ambaye familia yake imeuza nafaka na viungo tangu enzi za babu zake. Binti yake, Nasrin, alipomaliza chuo alitengeneza programu ya simu. Mtu aliyeko Kihonda au katikati ya mji anaagiza ndizi, mananasi, mdalasini au pilipili manga za mlimani, na mzigo unamfikia mlangoni. Fidelis alikuwa kule juu kwetu Matombo. Alikusanya mazao ya wakulima kwenye kibanda kando ya kijito na kungoja gari. Mimi nilikuwa Kihonda, chumba cha nyuma ya ghala, nikijibu maoni ya wateja.

Mteja akipokea mzigo anatoa nyota, moja mpaka tano, kisha anaandika neno lake. "Ndizi zimepondeka." "Mdalasini unanukia mpaka kwa jirani, Mungu awabariki." Yupo aliyetupa nyota moja kwa sababu mume wake alilimaliza nanasi lote kabla yeye hajarudi kutoka kazini. Huyo nilimjibu kwamba nanasi halina kosa. Nasrin alicheka siku nzima.

Hata Fidelis alikuwa na akaunti. Nilimfungulia mwenyewe ili aone wateja wanavyotuona. Akajiita Fide wa Mlimani, akatoa nyota tano na kuandika: "Huduma nzuri. Ila dada anayejibu ni mzito kama kawaida yake." Nikamjibu: "Mteja mpendwa, heshima kwa wakubwa." Maneno hayo bado yapo. Huwa nayasoma.

Siku ile mlima ulikwenda na kibanda, na njia, na yeye. Tulichimba, tukatafuta mpaka mtoni. Tulipata tenga lake limenasa kwenye jiwe, basi. Padri wa misheni alisoma misa, na wazee wa ukoo wetu wakafanya linalofanywa mwili usipopatikana: walikata shina la mgomba, wakalivika shati lake, wakalizika. Mama alisimama pale kaburini bila chozi. Baadaye njiani akaniambia, "Ule ni mgomba, mwanangu. Mimi najua nilichozaa."

Nikamchukua Mama tukakae wote kwangu Bigwa, pembeni ya mji, chini ya mlima. Alikuja na kapu la nguo zake na koti la Fidelis, lile zito la kijani, ambalo siku ile hakulivaa. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Niliporudi kazini, maoni yalikuwa yamejaa. Watu walikuwa wanauliza, wanalalamika, wengine wanatukana, na hakuna aliyewajibu. Nilikaa mbele ya kompyuta, mikono haiendi. Nasrin alivuta kiti.

"Dada, hebu pumzika. Tuiwekee mashine kanuni, ijibu yenyewe."

"Itajuaje cha kusema?"

"Wewe ndiye utaiambia. Nyota moja au mbili, inasema hivi. Nyota tano, inasema vile. Jina la mteja inalichomeka yenyewe. Andika kama unavyoongea, usiandike kama benki."

Nikaandika. Kwa wenye nyota moja au mbili: "Abee, mpendwa, kisha jina. Tumekusikia. Pole kwa kungoja. Tunakuja." Kwa wenye nyota tano: "Ahsante, mpendwa, kisha jina. Karibu tena. Mlango wetu uko wazi kwako siku zote." Chini ya kila jibu tukaweka: Dada wa Huduma. Nasrin alisema 'abee' ni zuri, mteja atahisi ameitikiwa na mtu wa nyumbani.

Halafu akauliza, "Tuiambie ingoje kidogo kabla ya kujibu? Wengine huweka saa moja, ionekane ni mtu anayejibu."

"Hapana," nikasema. "Ijibu papo hapo."

Usiniulize sana kwa nini. Nilikuwa siwezi kuvumilia kuona mtu yeyote anangoja.

Na hapo ndipo ningepaswa kukumbuka malezi yangu. Kwetu mlimani ukungu ukishuka huoni hata mkono wako. Tukiwa wadogo, Mama alitufundisha sheria moja kabla hata ya kutufundisha kuchota maji. Ukiitwa na mtu usiyemwona, nyamaza. Usiseme naam, usiseme abee. Akiwa mtu ataita tena, maana mtu ana shida yake. Kisicho mtu huita mara moja tu, na ukikiitika, umeshakipa njia. Kila mtoto wa kule anaijua sheria hii. Ndiyo maana mgeni akija hutuona wakaidi, anaita mtu na mtu hageuki. Sasa mimi, mtoto wa kule, nimekaa kitako Kihonda na kuiamuru mashine iitike kila sauti, mara ya kwanza, bila kuangalia nani anaita. Unaona?

Mwezi ulipita vizuri. Wateja walipenda. Kisha asubuhi moja, nikipitia yaliyojibiwa usiku, nikaona nyota moja.

Fide wa Mlimani: "Nangoja. Hakuna aliyefika."

Na chini yake, limejibiwa papo hapo: "Abee, mpendwa Fide wa Mlimani. Tumekusikia. Pole kwa kungoja. Tunakuja. Dada wa Huduma."

Nikamwita Nasrin. Akasoma, akasoma tena, akajifunika mtandio vizuri kama mtu aliyeona baridi.

"Dada, pole sana. Laini isiyotumika hupewa mtu mwingine. Huyo mtu amekuta akaunti iko wazi, anachezea. Nimfungie?"

Lilikuwa neno la akili, na mpaka leo sisemi kwamba alikosea. Lakini mkono wake ulipokwenda kwenye kompyuta nikaushika. "Ngoja kwanza," nikamwambia. Nani amfungie ndugu yake mlango kwa sababu ya 'huenda'?

Siku chache baadaye likaja la pili. "Mmesema mnakuja." Mashine ikajibu vilevile: tumekusikia, tunakuja. Kisha la tatu, siku ya mvua: "Baridi. Leteni koti."

Sasa niambie wewe. Mtu aliyepewa laini ya simu atajua habari za koti?

Jioni Mama alikuwa anachambua mchele. Aliniangalia nilivyokaa. "Una nini?"

Sikuzoea kumdanganya Mama, na sikuanza siku ile. Nikamsomea yote matatu. Hakushtuka. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, kisha akasema, "Na nyie mmemjibu?"

"Si sisi, Mama. Ni mashine."

"Imesemaje?"

"Imesema tumekusikia. Tunakuja."

"Na jina la nani lipo chini?"

"Dada."

Akaweka sinia chini. "Basi usiniambie mashine. Mtu yuko kwenye baridi, dada yake amemwambia anakuja, mara ngapi? Tatu. Na dada yake yuko Bigwa anangoja ubwabwa uive."

"Mama, wewe mwenyewe ulitufundisha tusiitike."

"Nilifundisha," akasema. "Lakini nilikuwa sijafiwa."

Jumamosi tukapanda gari la asubuhi. Mama alikuwa amelikumbatia lile koti. Tulishuka misheni, tukaanza kupanda kwa miguu kati ya migomba. Njiani tukamkuta Bibi Tekla, mtani wetu, anapalilia. Huyu ndiye aliyevaa kofia ya Fidelis siku ya matanga na kumwigiza anavyotembea, watu wakacheka na kulia kwa pamoja, maana ndiyo kazi ya mtani.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba. Mnakwenda wapi na koti la mtani wangu? Mnauza?"

"Tunampelekea," Mama akasema.

Bibi Tekla akasimama na jembe lake. Nilidhani atatushangaa. "Mpelekeeni," akasema. "Marehemu alikuwa mchoyo wa hilo koti, hata mvua ilipotunyeshea wote hakuniazima. Mwambieni Tekla kasema sasa na yeye ameijua baridi." Akacheka, halafu kicheko kikaisha. "Mimi siwasindikizi. Nimeshamwigiza sana. Nikikutana naye na yeye ataniigiza mimi." Tulipokuwa tumempita akaniita na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mama yako. Mdomo wake uwe karibu na mkono wako."

Tulifika saa za mchana. Mahali palipokuwa na kibanda pana jeraha: udongo mwekundu mtupu kutoka juu mpaka kijitoni, na njia imekatwa kama mkate. Upande wetu njia inafika ukingoni, inakoma. Upande wa pili inaendelea. Katikati ni hewa. Pale hapana mtandao. Fidelis alipotaka kunipigia alikuwa anarudi chini mpaka kwenye jiwe fulani. Niliitoa simu ya kazi, nikaiangalia kwa mazoea. Ilikuwa haina hata mstari mmoja. Nikairudisha kwenye pochi.

Ukungu ukashuka. Haukuja taratibu. Ulikuja kama mtu aliyeshusha pazia. Nikamshika Mama mkono. Tukasimama, tukisikia maji tu kule chini.

Kisha nikamwona mtu anatembea. Alitoka upande wa pili, tenga begani, ameinama kidogo kama anavyoinama mwenye mzigo. Alikuwa anapita palepale njia ilipokuwa inapita zamani. Nielewe vizuri. Pale hapakuwa na njia. Hapakuwa na ardhi. Alikuwa anakanyaga hewa, na aliikanyaga kwa uangalifu, akiruka pale palipokuwa na mzizi, akipinda pale palipokuwa na kona. Uso sikuuona. Ningeuona ningesema. Lakini ule mwendo ndio aliouigiza Bibi Tekla kwenye matanga.

Akaita: "Mama."

Mara moja.

Nilimsikia Mama akivuta pumzi, nikamziba mdomo. Kwa nguvu. Nilihisi meno yake kwenye kiganja changu na machozi yake juu ya vidole. Mimi mwenyewe niliuma ulimi. Tukakaa hivyo, wawili, hatuitiki. Yule mtu alikuwa amesimama katikati ya hewa, anasikiliza.

Ndipo simu ikalia ndani ya pochi yangu. Ina mlio mfupi, kama tone la maji kwenye ndoo. Ulimaanisha kitu kimoja tu: jibu limetumwa.

Yule mtu akashusha tenga. Akageuka upande wetu.

Sijui kama niliomba au nilipiga kelele. Mama alijichomoa, lakini hakumkimbilia. Alikwenda hatua chache mpaka kwenye jiwe la ukingoni, akalitandaza koti juu yake, akalinyoosha mikono kama anavyomvalisha mtoto wa shule. Kisha akarudi kwangu kinyumenyume, na tukaondoka hivyohivyo, bila kumpa mgongo. Ukungu ulipofunguka tulikuwa mbali kidogo. Nikaona udongo mwekundu mtupu. Koti halikuwepo juu ya jiwe. Lile jiwe limelala kimteremko, na huenda koti liliteleza likaenda chini. Nasema huenda kwa sababu sikuona likienda.

Misheni mtandao ukarudi. Nikafungua. Nyota moja, Fide wa Mlimani, neno moja: "Mama." Na chini yake jibu letu lilelile, likianza na "Abee."

Siku mbili baadaye, ofisini, likaja lingine. Nyota tano. "Limefika. Ahsante Mama."

Nilisimama nikatoka nje ya ghala, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya ule mgomba. Nililia kwa raha. Nilijiambia, ameridhika, sasa anakwenda zake, sasa tutalala. Nikampigia Mama nikamsomea. Akacheka kwenye simu, kicheko chake cha zamani. Kisha nikarudi kukaa, nikateremsha macho.

"Ahsante, mpendwa Fide wa Mlimani. Karibu tena. Mlango wetu uko wazi kwako siku zote. Dada wa Huduma."

Papo hapo. Kama nilivyoamuru.

Nasrin aliuona uso wangu, akaja akasoma. Alifuta kanuni zote mbele yangu, akafuta na lile jibu, akasema, "Nimelifuta, Dada, halipo." Nikampelekea Mama habari hiyo. Mama akatikisa kichwa. "Mmelifuta kwenye simu. Yeye ameshalisikia."

Tangu siku ile akaunti haijaandika tena. Ila ukungu ukishuka mpaka huku Bigwa, na wakati wa mvua hushuka mpaka kwenye wigo, kuna sauti inaita kutoka barabarani. Inaita mara moja, ama mimi ama Mama. Si kila siku. Majirani huisikia pia. Mmoja aliwahi kuniambia, "Kuna mtu alikuwa anakuita, mbona humwitiki?" Huwa tunanyamaza. Mama huamka na kuufungua mlango, anauacha wazi mpaka ukungu uondoke. Nilijaribu kumkataza.

"Baridi inaingia, Mama."

"Aliyekaribishwa hafungiwi," hujibu. "Ungetaka afungiwe usingemwandikia vile. Lakini simwiti, na simwitiki. Akiita mara ya pili ndipo nitajua ni yeye."

Kwa hiyo tunaishi tukisikiliza. Sijui kama unaelewa maisha hayo. Nikiwa naosha vyombo nasikiliza. Kazini, mtu akiniita mlangoni nanyamaza mpaka aite tena, na wenzangu wanadhani nimepungukiwa. Usingizi wangu ni wa kuku.

Siku hizi najibu maoni kwa mkono wangu, moja moja. Ninachokuomba ni hiki. Ukiwa na duka, au programu, au chochote ambacho watu wanakiita, na ukataka mashine ikuitikie, sikukatazi. Kazi ni nyingi. Lakini iambie ingoje. Iache sauti iite tena. Na usiifundishe kusema 'tunakuja' kama huendi, wala 'mlango uko wazi' kama hujui ni nani yuko nje. Mashine haina Mama wa kuifundisha. Ina wewe tu.

La mwisho lililotokea ni hili. Alhamisi iliyopita jua lilikuwa halijazama, mvua nyembamba, ukungu umefika kwenye ngazi zetu. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa na sinia la mchele mapajani.

"Mama."

Tukanyamaza. Mama aliacha vidole vyake ndani ya mchele. Nikahesabu pumzi zangu, kama ninavyofanya siku zote, nikingoja kimya kile kirefu kinachofuata.

"Mama," ikaita tena.

Aliniangalia. Nilikuwa karibu naye, mkono wangu ungefika. Sikumziba mdomo.

"Bee, baba," akasema.

Hakuna aliyeingia. Tuliangalia mlango mpaka ukungu ukapanda na barabara ikaonekana yote, tupu, na mbuzi wa jirani amesimama. Kisha Mama akaniambia nifunge, kwa kuwa sasa baridi inaingia bure. Nikauvuta mlango. Nyuma yake, kwenye msumari, lilikuwepo koti la kijani, limelowa chapachapa, linadondosha maji mekundu kwenye sakafu.